Mtaa wa 1910 juu ya meza ya kulia

Jioni tisa zimeniishia hapa: picha ya kuunganisha, vipande 1,000, mtaa wa maduka madogo wa miaka ya 1910. Anga ilinichosha, nusura nirudishe kila kitu kwenye boksi. Lakini mabango! Kinyozi ana mlingoti wa mistari myekundu na myeupe, wa rehani ana mipira mitatu ya dhahabu, mfamasia kinu na mchi; hata asiyejua kusoma angefika anakokwenda.

Kilichonishika zaidi ni kioo cha duka la kofia. Enzi hizo fundi alibandika dhahabu, nyembamba kuliko karatasi, upande wa ndani, akaziandika herufi kinyumenyume ili mpita njia azisome sawasawa. Mchoraji wa picha hii alilijua hilo: kivuli cha fremu kinapita juu ya dhahabu, si chini yake. Nilisogeza taa nihakikishe.

Kasoro ipo. Vipande kadhaa vinaingia pasipo pao na kutulia kabisa. Siku mbili nzima dirisha la mwokaji mikate lilikuwa na sikio la farasi. Boksi nalo limeshapasuka kona. Nyingine nitanunua, mradi anga iwe kidogo.