Diani na mbwa ndani ya gari: nyumba tuliyopanga naipa nyota nne

Kwa mwenye haraka: nyumba tuliyopanga Diani, pwani ya kusini ya Kenya, naipa nyota nne kati ya tano. Ina ukuta mzima, geti linalofungika, kivuli cha mwembe, sakafu ya simenti isiyoogopa kucha za mbwa, na ufukwe uko mwendo wa dakika chache kwa mguu. Nyota ya tano mwenye nyumba aliipoteza mwenyewe, nitaeleza vipi. Jina lake silitaji, maana tulishayamaliza kwa simu.

Mbwa wetu ni Bosko, chotara wa German Shepherd, kilo thelathini na ushee, mpenda watoto na mwoga wa radi. Desemba huwa tunamwachia mlinzi, lakini safari hii naye alikuwa anaenda kwao, na mabanda ya kulaza mbwa Nairobi mwezi huo hujaa mapema. Kwa hiyo tukaamua twende naye. Treni ya SGR haipakii mbwa, na mabasi ya Mombasa usijisumbue hata kuuliza. Imebaki gari lako mwenyewe.

Kabla ya nyumba niseme kidogo kuhusu mkanda wa kifuani tuliomnunulia Bosko, ule unaochomekwa pale pale unapochomekwa mkanda wa abiria. Naupenda. Mbwa anakaa, anajilaza, anageuka, lakini haruki mbele kwa dereva, na ukifunga breki ghafla nyuma ya lori harushwi kama mzigo. Kasoro yake ni kwamba kamba ya kuchomeka ni ndefu mno ikitoka dukani, ifupishe kabla hujaondoka. Pia usiufunge kwenye kola ya shingoni. Chakula tulimpa kidogo tu usiku, asubuhi tukamwachia maji peke yake, na hakutapika hata mara moja, tofauti na mwanangu wa pili.

Tulitoka alfajiri kabla malori hayajajaa Mlolongo. Mtito Andei ni karibu nusu ya njia kwenda Mombasa, na hapo kila mtu husimama. Weka kiganja chako, upande wa nyuma, juu ya lami. Kama huwezi kukiacha hapo hata sekunde saba, miguu ya mbwa nayo haiwezi. Tulimshushia kwenye nyasi kivulini, kamba mkononi, kwa sababu nyani wa maeneo yale hawana aibu na dume la nyani lina meno ya kumpasua mbwa wa kilo thelathini bila kutoa jasho. Halafu tukala kwa zamu. Gari lililofungwa vioo juani hupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi, ana ulimi na pumzi. Ukiona wenzako wanamwacha garini "tunakula mara moja tu," waambie.

Baba Neema alitaka tukifika Voi tuingie Tsavo Mashariki tuwaonyeshe watoto ndovu. Haiwezekani ukiwa na mbwa. Hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, haziruhusu wanyama wa kufugwa kuingia, hata kama amelala kiti cha nyuma. Wapo wanaoona ni ukali wa bure, ila mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani. Kwa hiyo watoto walitazama ndovu dirishani, wale wekundu wa vumbi la Tsavo wanaoonekana ukiwa na bahati kutoka barabara kuu, na Bosko akakoroma.

Kuvuka kwenda kusini tulipita barabara ya Dongo Kundu badala ya feri ya Likoni. Kwa mwenye mbwa hapana mjadala. Foleni ya feri saa nane mchana wakati wa kaskazi, injini imezimwa na watu wamejaa pande zote, ni mateso kwa kila mtu.

Sasa nyumba. Tangazo lilisema wanyama wa nyumbani wanaruhusiwa, tukalipa na dipoziti ya mbwa juu, shilingi elfu tano za kurudishwa. Tukapiga honi getini. Akafungua mlinzi wa nyumba, mzee wa Kidigo mwenye kofia yake safi kichwani. Tukamwamkia, akaitikia marahaba kwa uso mkunjufu. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa, Bosko akachungulia, na mzee akarudi nyuma hatua mbili. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mbwa anakuja.

Hapo ndipo nyota ilipodondoka. Kando ya bomba la uani palikuwa na birika la plastiki la kijani, kata, na mkeka uliokunjwa juu ya ukuta mfupi. Ni mahali pake pa kutawadhia, na ndipo hasa mbwa mwenye kiu angekimbilia. Wengi wa wenyeji wa Pwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Mzee hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama, mimi sina ugomvi na mnyama. Lakini ningeambiwa mapema ningehamisha birika langu."

Mwenye nyumba anaishi Nairobi, anapokea pesa kwa simu, na anayeishi na matokeo ni mtu mwingine. Huwezi kuandika "wanaruhusiwa" bila kumuuliza anayefungua geti. Tulisimama pale pale tukapanga na mzee: upande wa bomba uwe wake, upande wa jikoni uwe wa Bosko, na kuanzia alasiri hadi baada ya isha mbwa afungwe kamba ndefu nyuma ya nyumba. Watoto walipewa kazi ya kumjazia maji kwenye beseni lake tulilotoka nalo nyumbani, asije akaonja mtungi wa mtu. Kufikia mwisho wa wiki mzee alikuwa akimwita kwa jina kutoka mbali, na Bosko akitingisha mkia kutoka mbali vilevile. Mwenye nyumba nilimpigia, akaomba radhi, akampigia na mzee.

Ua wenyewe ni mzuri lakini angalia juu. Diani ina kima, tumbili, nyani na mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, na wote wanapita juu ya kuta kama hazipo. Barabara ya Diani wamewekewa ngazi za kamba kutoka mti hadi mti wavuke bila kugongwa na magari, kazi ya shirika la Colobus Conservation ambalo liko hapo hapo Diani. Mbega anayeshuka chini ya mti akikutana na mbwa aliyeachiwa, mara nyingi ndiye anayeumia. Kwa hiyo hata ndani ya ua, Bosko hakuachiwa bila mtu mzima. Na chakula chake alikula ndani, mlango umefungwa, tangu siku kima mmoja aliposhuka, akakaa kitako mbele ya bakuli, akachagua punje moja moja kama mtu anayechambua mchele, huku Bosko, anayejiita mlinzi wetu Nairobi, ameufyata mkia chini ya kiti.

Ufukweni nenda asubuhi sana, maji yakiwa yamekupwa na mchanga bado baridi. Kuanzia saa nne hapafai: jua, vijana wa biashara za ufukweni, wageni waliolala kwenye taulo, na ngamia. Ngamia wa Diani hubeba watalii na hawana habari na mbwa, ila mbwa ana habari nao sana. Tulishika kamba fupi muda wote. Sababu nyingine ya kamba ni kasa, ambao hutaga sehemu ya juu ya ufukwe na mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili. Mbwa mwenye pua nzuri hulifukua shimo lote kwa dakika chache. Maji ya kunywa tulibeba chupani, kwa sababu akinywa ya bahari ataharisha, na utaharibikiwa wewe na sakafu.

Kinyesi kinaokotwa, kinafungwa mfukoni, kinarudi nyumbani kwenye pipa. Wengi wanakifukia kwa mguu wakidhani wamemaliza. Minyoo ya mbwa hutotoa mabuu mchangani, na mtoto anayepita miguu peku hupata ile michoro ya kuwasha inayotambaa chini ya ngozi. Mpe mbwa dawa ya minyoo kabla ya safari, siyo ukirudi.

Daktari wetu wa mifugo alisisitiza mambo ambayo mtu wa Nairobi hayafikirii. Kupe wa Pwani ni wengi, kwa hiyo dawa ya kupe iwe imeshaanza kufanya kazi kabla ya kuondoka, na kila jioni tulimpapasa masikioni, kwapani na katikati ya vidole. La pili ni mbung'o, wengine humwita ndorobo. Hifadhi ya Shimba Hills iko jirani tu, kaunti hiyo hiyo ya Kwale, na mbung'o anayesambaza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe humuuma mbwa pia. Akirudi nyumbani na homa, akipoteza hamu ya kula au jicho likaanza kuwa na ukungu wa bluu, mwambie daktari kwamba mlikuwa Kwale, maana Nairobi hilo si la kwanza kufikiriwa. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa tuliibeba kwenye bahasha ya pasi za watoto. Mzee wa getini aliomba kuiona, na akaisoma tarehe hadi mwisho. Nilimheshimu zaidi.

Bei ilikuwa sawa na nyumba nyingine za ukubwa huo zisizopokea mbwa, ukiacha dipoziti. Maji ya bomba yalikatika siku moja, tangi likatosha. Feni za vyumbani zinafanya kazi, ile ya sebuleni inapiga kelele lakini inapoza, na Bosko aliichagua kuliko watu wote. Neti za madirisha ni nzima.

Ukipiga simu kwa nyumba yoyote ya Pwani, usiulize tu kama mbwa anaruhusiwa. Uliza nani anaishi uani na kama ameshaambiwa, ukuta una pengo wapi, jirani ana mbwa au kuku, na daktari wa mifugo wa karibu yuko wapi na anapokea simu usiku. Mwenye nyumba wetu swali la kwanza alilikwepa, na mimi sikulipata jibu hadi getini.

Dipoziti ilirudi kwa M-Pesa siku tuliyofika Nairobi, imekatwa mia tano ya foronya iliyotafunwa. Ni haki yake.