Alfa Romeo 2000 GTV ya kabureta mbili: tathmini ya mmiliki wa Arusha

Gari ninalolizungumzia hapa ni Alfa Romeo 2000 GTV, la milango miwili, lililotengenezwa Arese karibu na Milan kati ya 1971 na 1976. Lina injini ya aluminiamu yenye sentimita za ujazo 1,962, kamshafti mbili juu ya silinda hedi, gia tano, breki za diski katika magurudumu yote manne, na kabureta mbili za Weber (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) zenye midomo miwili kila moja, kwa hiyo kila silinda hupata mdomo wake peke yake. Nililinunua Nairobi kwa mzee mmoja aliyelitunza kwa miaka mingi, na tangu hapo naliendesha Arusha ninakoishi, na mara kwa mara hadi Moshi. Nimeamua kuandika tathmini hii kwa sababu maswali ninayoulizwa karibu yote yanahusu kabureta, ilhali kabureta ndizo zilizonisumbua kidogo kuliko sehemu nyingine zote za gari hili.

Kuhusu umbo lake sitasema mengi. Lilichorwa katika kampuni ya Bertone na Giorgetto Giugiaro akiwa bado kijana, likatoka mara ya kwanza mwaka 1963 kwa jina la Giulia Sprint GT, na hata leo ukiliegesha karibu na Mnara wa Saa wapo watakaoacha shughuli zao waje kuuliza ni gari gani. Ninachopenda kueleza zaidi ni namna linavyokwenda. Uzito wake ni kama kilo elfu moja na arobaini, usukani hauna msaada wa pampu, na injini huanza kufurahi pale ambapo magari mengi ya siku hizi huanza kulalamika. Ukitoka Tengeru asubuhi, barabara ikiwa nyeupe, ukakanyaga mafuta katika gia ya tatu, mlio wa hewa inayofyonzwa na midomo minne huingia ndani kuliko hata mlio wa ekzosi. Kiti cha nyuma ni cha watoto au mizigo. Mtu mzima akikaa huko kufika Boma Ng'ombe atakuwa amekwisha kukununia.

Anayekwenda kununua aache injini kwanza, ainame atazame bodi. Chuma cha Alfa za miaka hiyo hushika kutu kwa urahisi, na kutu huanzia mahali pasipoonekana: ndani ya boksi za chini ya milango, kwenye sakafu chini ya zulia, pembe za chini za kioo cha mbele, matao ya magurudumu ya nyuma, na shimo la tairi la akiba ndani ya buti, ambamo maji huingia na kukaa. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa ili usikwaruze rangi, kisha ipitishe polepole katika maeneo hayo. Pale inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti mara nyingi hakuna chuma. Funua zulia upande wa dereva na upapase kwa mkono, na usione haya mbele ya muuzaji. Gari lililoishi Nairobi au Arusha kwa kawaida huwa na afya kuliko lililoishi Mombasa au Dar es Salaam, kwa sababu hewa ya chumvi haina huruma. Ukiwekwa mbele ya magari mawili, moja likiwa na bodi safi na injini iliyokufa, jingine likiwa na injini tamu na sakafu iliyooza, nunua la kwanza. Injini hufunguliwa na kurudishwa ndani ya wiki chache. Bodi iliyooza ikitengenezwa sawasawa inaweza kumeza fedha nyingi kuliko bei ya gari lenyewe, na wanaojua kukata na kuchomelea sakafu mpya bila kupindisha bodi ni wachache mno huku kwetu.

Sasa kabureta. Weber aina ya 40 DCOE hulala ubavu, na juu yake kuna kifuniko kidogo cha duara kinachoshikwa na nati yenye masikio, ya kufunguliwa kwa vidole. Chini ya kifuniko hicho, kwa bisibisi moja tu, unaweza kutoa jeti kuu (kijiskrubu chenye tundu ambalo petroli hupitia) pamoja na mrija wake na jeti ya hewa iliyokaa juu, na pembeni jeti za sailensa, yaani za mzunguko wa taratibu wa injini. Namba iliyochongwa kwenye jeti kuu ni kipenyo cha tundu lake kwa sehemu za mia za milimita: 125 ni milimita moja na robo. Kila kitu kinaonekana kwa macho na kinashikika mkononi. Injini ikianza kuruka silinda moja katika mwendo wa taratibu lakini ikawa nzuri ukikanyaga, karibu kila mara jeti ya sailensa ya silinda hiyo imeziba kwa uchafu kutoka kwenye tenki. Itoe, ipulize, irudishe, kisha badilisha filta ya mafuta. Kazi hiyo haimalizi hata kikombe cha chai.

Tatizo la hapa kwetu ni mwinuko. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ile ambayo jeti za kiwandani zilipangiwa. Kabureta haina kompyuta ya kulijua hilo. Itaendelea kumwaga petroli kana kwamba gari lipo pwani, na matokeo yake ni plagi nyeusi zenye masizi, harufu ya mafuta, na injini nzito chini. Tiba ni kushuka hatua moja au mbili katika jeti kuu, kwa mfano kutoka 125 hadi 120, kisha kusoma rangi ya plagi baada ya safari ndefu. Moshi iko chini yetu kwa mita mia tano hivi, na tofauti hiyo injini huivumilia bila kelele. Lakini ukipanga safari ya Tanga au Dar es Salaam, rudisha jeti kubwa kabla ya kuondoka, kwa sababu mchanganyiko wenye petroli kidogo huchemsha injini na unaweza kutoboa pistoni. Mimi huzitia zile za asili katika bahasha ndani ya droo ya dashibodi. Hata ukipata jeti sahihi, nguvu kamili ya kiwandani usiitarajie: injini inayovuta hewa bila turbo hupoteza zaidi ya asilimia kumi ya nguvu zake katika mwinuko huu, na hakuna fundi wa kukurudishia.

Kitu cha pili kinachosingiziwa kabureta ni raba. Kati ya kila kabureta na injini kuna vishikio vya chuma vilivyounganishwa kwa raba ili kupunguza mtikisiko, na raba hizo huchanika kwa umri. Zikichanika, injini hufyonza hewa ya wizi: sailensa hupanda na kushuka yenyewe, na ukiachia mafuta kwenye mteremko ekzosi hupiga vishindo. Gereji moja ya mjini, ambayo sitaitaja, ilinishauri nitupe kabureta zote mbili na kufunga moja ya pikapu ya Kijapani. Nililipeleka gari Moshi kwa fundi mzee aliyekulia kwenye Land Rover na Peugeot 504. Aliitikia shikamoo yangu, akawasha injini, akanyunyiza maji kidogo kwenye raba ya nyuma, na mlio ukabadilika papo hapo. "Mwanangu," alisema, "kabureta yako ni nzima, koo ndilo limetoboka." Raba mpya ziliagizwa kutoka Uingereza, zikafungwa, na shauri likaisha.

Mzee huyo ndiye aliyenionyesha pia namna ya kulinganisha kabureta mbili bila kifaa cha duka. Huchukua kipande cha mpira mwembamba, huweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, kisha husikiliza mvumo wa hewa, akihama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine na kukaza au kulegeza skrubu ya katikati hadi mivumo ifanane. Kipimo cha hewa chenye mshale ni bora, nami nimekinunua, lakini sikio la mtu aliyezoea halikosei sana. Mafundi wa aina hiyo bado wapo Arusha na Moshi, kwa sababu biashara ya utalii ilitumia Land Rover za kabureta kwa muda mrefu. Umri wao, hata hivyo, umeenda, na vijana wengi wa gereji za leo hutaka kwanza kuchomeka mashine ya uchunguzi. Kwenye Alfa hii hakuna pa kuichomeka.

Onyo moja kuhusu hewa: utakuta magari mengi ya namna hii yameondolewa boksi la filta na kuwekewa tarumbeta wazi za kuvuta hewa, kwa kuwa zinapendeza na mlio wake ni mtamu. Katika vumbi letu la majivu ya volkano huko ni kuipaka injini msasa. Usinunue gari kama hilo bila kupima mgandamizo wa silinda zote nne, na ukilinunua rudisha filta siku hiyo hiyo.

Injini yenyewe ni imara, ila ina tabia zake. Silinda ni laini, yaani mirija ya chuma inayotoka, iliyozungukwa na maji, kwa hiyo fundi aliyezoea kuchonga bloku ya Toyota aambiwe mapema kwamba hapa laini na pistoni hubadilishwa pamoja, na kwamba hedi ikiwa imetolewa injini isizungushwe, la sivyo laini zitapanda na kuharibu mihuri ya chini. Gasketi ya hedi ina vijiraba vya duara kwenye njia za oili, na vikichoka oili huanza kuvuja nje au kuchanganyika na maji. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa; ukiona ute wa rangi ya maziwa, punguza bei au ondoka. Gia ya pili hukwaruza asubuhi oili ikiwa bado nzito, na hilo ni la kawaida kwa Alfa. Ikikwaruza hata gari likiwa la moto, giaboksi inadai kufunguliwa.

Adui mkubwa wa gari hili kati ya Arusha na Moshi ni matuta. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni ya aluminiamu na iko chini sana, na baadhi ya matuta ya Usa River na Maji ya Chai hayakujengwa kwa kumfikiria mtu yeyote mwenye gari la chini. Ikigonga haikunjamani kama bati, hupasuka, na lita zaidi ya tano za oili hubaki barabarani. Kinga ya chuma chini ya sampu ni lazima, na matuta hupitwa kwa mshazari pale nafasi inaporuhusu. Matairi hayana shida: 185/70 ya inchi 14 hukaa vizuri na hupatikana madukani kwa sababu ya magari ya saluni ya Kijapani.

Joto la Moshi mchana huleta usumbufu mdogo. Ukizima gari la moto kwa dakika kumi, petroli huchemka ndani ya kabureta na kulowesha injini. Ili kuliwasha, kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho na kuishikilia hapo bila kuipampu, huku stata ikizunguka. Asubuhi za baridi za Julai kule Njiro ni kinyume chake: pampu mara chache ndipo uwashe. Matumizi yake kwangu ni kilomita nane hadi tisa kwa lita, na chini ya hapo kama una mguu mzito.

Soko la karibu la magari haya ni Nairobi, ambako chama cha wamiliki wa Alfa Romeo ndicho kinachoandaa maonyesho ya kila mwaka ya magari katika uwanja wa farasi wa Ngong, na huko utakutana na wauzaji, mafundi na spea kwa pamoja. Kulivusha Namanga na kulisajili Tanzania ni jambo la gharama: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa ambao huongezeka kwa gari lililopita umri. Faida ndogo ni kwamba ujazo wa 1,962 hubaki chini ya kiwango cha 2,000 ambapo ushuru wa bidhaa hupanda tena. Piga hesabu hiyo na wakala wa forodha kabla ya kumpa muuzaji hata shilingi ya kishika nafasi. Hakikisha pia namba ya chesisi iliyochongwa kwenye bodi inalingana na kadi, herufi kwa herufi.

Spea za injini na breki huagizwa Uingereza bila tabu, kutoka maduka kama Alfaholics na Classic Alfa, na kabureta mpya za Weber bado hutengenezwa, siku hizi Hispania. Kinachokosekana ni vipande vya urembo wa ndani na mikanda ya kromu. Gari lisilo navyo lishushwe bei ipasavyo. Kuhusu bima, kampuni nyingi zitakupa ya mtu wa tatu tu. Ukitaka bima kubwa, dai thamani iliyokubaliwa kwa maandishi mapema, pamoja na picha na ripoti ya mkaguzi, kwa maana ukiacha thamani ikadiriwe kwa umri wa gari, utalipwa kama mwenye kopo.

Kati ya ndugu zake, 1750 GTV ya kabla yake ina injini laini zaidi, na wapo wanaoipenda kuliko hii. Mimi ningeichukua kama bodi yake ingekuwa safi. Spider ya wazi ni nzuri kwa macho, lakini zenye usukani wa kulia ni adimu, na kwa vumbi la barabara ya Namanga sioni atakayeifungua paa mara mbili.