Huduma ya Mapambo ya Asili Isevya, Tabora: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja

Huduma ninayoitathmini hapa haina bango wala kadi ya biashara, na mwenyewe ameniomba nisiandike jina lake, kwa kuwa kazi zake anazifanyia barazani nyumbani kwake, Isevya, na hataki kupigiwa hodi na wateja asiowatarajia wakati sufuria iko jikoni. Nitamwita mpambaji. Anachofanya ni kupamba nyumba za watu kwa vitu vinavyotoka katika mapori ya miombo yanayouzunguka mji wetu, na kuvibadilisha kila majira yanapogeuka. Nilianza naye mwezi Mei mwaka jana, mwanzo wa kiangazi. Akaja tena Julai, kisha mwishoni mwa Septemba, kisha Desemba. Kila alipokuja nilimlipa shilingi 45,000, mbali na amana ya shilingi 30,000 niliyoitoa mara moja tu, ambayo hurudishwa mteja anapoacha huduma ikiwa vitu vyote ni vizima.

Amana hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo inayoitenganisha huduma hii na kununua mapambo dukani. Vitu vingi anavyoleta si vyangu, ninavikodi. Anapokuja kuweka vya Julai huondoka na vya Mei, akavianika, akavifuta vumbi, akavipeleka kwa mteja mwingine au akavihifadhi kwake mpaka mwaka ujao. Kwa mtu anayeishi katika nyumba ya vyumba vitatu isiyo na stoo, unafuu huo peke yake unatosha kumvuta. Maua ya plastiki niliyoyanunua sokoni miaka sita iliyopita bado ninayo juu ya kabati, yameshageuka rangi ya vumbi, na sijapata moyo wa kuyatupa kwa sababu niliyalipia.

Kazi ya Mei ndiyo iliyonifanya niendelee naye. Alifika na kapu la ukindu lililojaa maganda ya mbegu za mninga, kitu ambacho, nakiri, sikuwahi kukishika mkononi ingawa nimezaliwa mkoa huu. Mninga sisi tunaujua kama mbao: kitanda, mlango, kabati la vyombo. Ganda lake ni la duara, upana wake unakaribia kiganja cha mtu mzima. Katikati kuna kifundo kilichojaa miiba myembamba iliyosimama kama ya nungunungu mdogo, na kukizunguka kifundo hicho kuna bawa jepesi lililopinda kidogo ukingoni, lenye rangi ya jani la tumbaku linapotoka banini, yaani katika banda la kukaushia. Ukiliinua mbele ya dirisha, mwanga hupenya katika bawa na mishipa yake yote huonekana. Mti wenyewe hupukutisha majani kiangazi, lakini maganda hubaki yakining'inia kwenye matawi matupu mpaka upepo uyaangushe, kwa hiyo yeye huyaokota tu chini, hakati tawi. Aliyatunga kama arobaini hivi kwenye nyuzi za katani, akazifunga kwenye nondo za dirisha la sebule, na upepo mkavu wa mchana ulipovuma yaligusana kwa sauti ya mtu anayefunua kurasa za daftari bila haraka. Kasoro ilikuwa moja: miiba ile hunasa pazia, na pazia langu jepesi lilichanika mahali pawili kabla sijalihamishia chumbani.

Pembeni ya kochi aliweka kilindo kikuukuu, lile pipa la gome ambalo wazee wa Unyamwezi walihifadhia nafaka na nguo, akakijaza mabua marefu ya nyasi za pori. Nilimuuliza magome yake huyatoa wapi, kwani anayejua mzinga wa gome unavyotengenezwa anajua pia kwamba mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Alinijibu kwamba hanunui gome jipya hata kidogo. Hununua vilindo vilivyotupwa na mizinga chakavu ambayo wafugaji wa nyuki wa Sikonge na Uyui wameiacha baada ya kuhamia mizinga ya mbao, na kwamba kitu chochote kinachotoka ndani ya hifadhi ya msitu hakigusi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Sikuwa na njia ya kuhakikisha kila neno, lakini kilindo changu kilikuwa na alama nyeusi za moshi upande wa ndani na harufu hafifu ya asali iliyozeeka, dalili ambazo gome lililobanduliwa juzi haliwezi kuwa nazo.

Juu ya rafu ya televisheni aliweka vibuyu vitatu vya ukubwa tofauti, vimesuguliwa kwa nta mpaka vikang'aa. Hapa nitoe tahadhari kwa wateja wenzangu. Shangazi yangu alipokuja kutoka Nzega kututembelea, aliketi, akanywa chai, akavitazama vibuyu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ili mume wangu asisikie, "Mwanangu, siku hizi unaagua?" Nikamwambia, "Hapana shangazi, ni mapambo tu." Akavitazama tena. "Mapambo gani yenye kizibo?" Kwa kweli kimoja kilikuwa na kizibo cha gunzi. Nilikiondoa jioni ile ile, na mpambaji nilipomsimulia alicheka akasema kwamba kwa wateja wapya siku hizi huuliza kwanza kama vibuyu vinakubalika nyumbani mwao. Kwangu hakuuliza.

Julai, wakati wa kipupwe, hakukuwa na mengi ya kusimulia. Alibadilisha nyasi, akaongeza jamvi zito mlangoni na mawe matatu ya matale yaliyolainishwa na maji. Mawe hayo watoto waliyafanya magoli, na mwisho wa mwezi yalikuwa uani. Kama mfuko wa mteja ni mdogo, hii ndiyo ziara ya kuiruka.

Ziara ya Septemba ilinifundisha jambo, ingawa kama mapambo ilidumu siku chache. Katika majarida ya nje tumezoea kuona nyumba zikipambwa kwa majani mekundu ya miezi ya Septemba na Oktoba, na majani hayo huwa yanakufa, yanajiandaa kuanguka kabla ya baridi. Kwetu miezi ni ile ile na wekundu ni ule ule, lakini jambo lenyewe limegeuzwa: miti ya mitundu na miyombo huchipua majani machanga mekundu, mengine ya rangi ya shaba, wiki kadhaa kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, na ukisafiri wakati huo kwenye barabara ya Sikonge utaona pori zima limewaka. Mpambaji alileta matawi matano ya mtundu ndani ya mtungi wa maji. Aliniambia mapema, bila kuzunguka, kwamba jani changa kiasi hicho halivumilii kukatwa na kwamba nisitegemee zaidi ya siku tatu. Siku ya pili jioni yalikuwa yamelegea kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Namheshimu kwa ukweli wake, ila kitu ambacho muuzaji mwenyewe anajua hakitafika Jumapili asikiweke katika bei ile ile ya shilingi 45,000.

Pamoja na matawi alileta bakuli la maganda makavu ya mtundu, marefu, magumu kama mbao nyembamba, yakiwa bado yamefumba. Niliyaweka juu ya meza ya chakula na kuyasahau. Usiku wa tatu, saa nane hivi, tuliamshwa na mlio mkali kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, kisha kitu kikagonga kabati la vioo. Mume wangu alichukua tochi na rungu. Alichokuta ni ganda moja lililopasuka na kujisokota pande zote mbili mithili ya kamba, na mbegu yake bapa ya kahawia chini ya jokofu, hatua nne kutoka mezani. Hivyo ndivyo mti huu unavyosambaza mbegu zake: ganda hukauka, pande zake mbili huvutana, na nguvu ikizidi hupasuka na kuirusha mbegu mbali na mama yake. Wiki ile watoto walikataa kulala mapema wakisubiri mengine yapasuke, na maganda yaliyojisokota yakawa mazuri kuliko yalipokuwa mazima. Pambo lililopendwa kuliko yote mwaka mzima ni hilo, nalo halikupangwa na mtu.

Masika ndipo huduma inapoyumba. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili bila kiangazi katikati, na kitu chochote cha gome, nyasi au kibuyu ndani ya nyumba yenye sakafu ya saruji hupata ukungu. Ilipofika Januari, kibuyu kikubwa kilikuwa na madoa meusi yasiyotoka kwa kitambaa, na kilindo kilitoa harufu ya godoro lililolowa. Nilimpigia simu mara mbili, akaja baada ya wiki tatu kwa sababu ya matope na wingi wa wateja, na akanipa ushauri ambao ungenifaa zaidi mwezi Novemba: vitu vya namna hiyo vikae mbali na ukuta, viinuliwe juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, na vitolewe juani kila linapochomoza.

Desemba alijaribu pia maua ya mkrismasi, yale mekundu ya mti wa mwavuli, lakini yalikuwa yamemwaga petali mezani kabla ya chakula cha usiku. Kilichomwokoa ni chungu kimoja chenye kitunguu cha ua la porini ambalo huchomoza na mvua za kwanza, shina moja refu lisilo na jani, na juu yake duara jekundu la nyuzi nyingi kama brashi ya kuoshea chupa, kubwa kuliko ngumi mbili. Halikukatwa, lilikuwa linaota ndani ya chungu, hivyo lilikaa zaidi ya wiki, na kitunguu kimebaki udongoni kikisubiri mvua zijazo. Aliniagiza nikiweke juu, mbali na mtoto mdogo, kwa kuwa kitunguu hicho ni sumu kikiliwa. Maelekezo kama hayo huyatoa bila kuombwa, na kwa sababu hiyo hiyo hukataa katakata kuleta matawi ya mnyaa ndani ya nyumba, ingawa umbo lake linapendeza na ua wake uko kila mtaa, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Ungo wa maembe dodo alioutandika mezani siku ile siuhesabu kuwa pambo, kwani uliliwa wote katika siku mbili.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu kubwa. Mwezi wa Mei alileta kigoda kilichochongwa kwenye gogo la mninga, chenye gome lake bado, na kama yalivyo mauzo yake mengine machache nilikinunua moja kwa moja kwa shilingi 25,000. Mwezi wa Agosti niliona chini yake kivumbi laini cha rangi ya maziwa, nikakifagia nikidhani ni unga wa ugali. Kesho yake kilikuwepo tena. Bungua, wadudu wanaotoboa mbao, walikuwa ndani, na kabla sijaelewa walikuwa wamehamia katika kabati la mbao nyeupe lililokuwa karibu, ambalo lilikuwa zawadi ya harusi. Fundi seremala wa mtaani kwetu aliniambia kile ambacho mpambaji alipaswa kukijua: kiini chekundu cha mninga bungua hawakiwezi kwa urahisi, lakini ile sehemu nyeupe ya nje, iliyo chini ya gome, ndiyo chakula chao, na gome likiachwa huwa pazia la kuwafichia mayai. Mpambaji alikichukua kigoda na kunirudishia fedha zake zote siku hiyo hiyo. Kuhusu kabati alisema pole, na pole ndiyo iliyobaki. Tangu hapo amesema habebi tena gogo lenye gome, na ziara zilizofuata sikuliona.

Upande wa ustadi wa mikono sina neno baya. Nilimtembelea mara moja barazani kwake nikamkuta akiandaa nta: huiyeyusha ndani ya sufuria ndogo iliyowekwa katika sufuria kubwa yenye maji, isiguse moto moja kwa moja kwani ikizidishwa joto huwaka, kisha huichanganya na mafuta kidogo na kuipaka ingali vuguvugu kwa kitambaa cha pamba, akisugua kwa mviringo mpaka mbao au kibuyu kiache kunata. Katika mkoa wenye nyuki wengi kama wetu nta hupatikana kwa urahisi, na mng'ao wake ni wa upole, haung'ai kwa ukali kama vanishi. Kitu chochote alichokipaka hivyo na kukiweka pakavu kilirudi kwake kikiwa kizuri kuliko kilivyokuja.

Kwa jumla ya shilingi 180,000 kwa mwaka, nimelipia ziara mbili nzuri sana, moja ya kawaida, na moja ambayo ningeiacha. Mwaka huu nimekubaliana naye tofauti: Mei na Septemba aje kama kawaida, Julai tupumzike, na Desemba alete vyungu vyenye mimea hai peke yake kwa nusu ya bei, vilindo vikae kwake panapovuja kidogo kuliko kwangu. Alisita kidogo juu ya nusu ya bei, kisha akakubali. Atakuja Jumamosi na nyuzi mpya za maganda ya mninga, na safari hii pazia nimelitoa mapema.