Nakala za noti za kale za Marekani: zinafaa kwa nini, na zinapotoshea wapi

Pakiti za nakala hizi huuzwa Marekani katika maduka ya makumbusho na ya zawadi za watalii: mfuko wa plastiki wenye karatasi kadhaa za rangi ya chai ya rangi. Baadhi ni nakala za noti za Kontinentali, yaani fedha ya karatasi ya wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, za 1775 hadi 1779; nyingine ni za Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, za 1861 hadi 1864. Kwa mwalimu wa historia ni bidhaa nzuri. Wanafunzi wanaona maandishi, picha na ahadi ya ajabu iliyo kwenye noti za Kusini za 1864, kwamba zitalipwa miaka miwili baada ya mkataba wa amani. Tatizo huanza mfuko ukishatupwa. Karatasi moja hubaki ndani ya Biblia ya familia, aliyeinunua hufariki, na mjukuu huamini kwamba ameachiwa mali.

Kosa kubwa la watengenezaji, ambalo kwa mkaguzi ni msaada, ni kuzidisha uzee. Karatasi ya nakala ni ngumu, ya manjano au kahawia, imekunjamana kila mahali kwa kiwango kilekile, na ukiitikisa inatoa mlio mkavu. Noti halisi haiko hivyo. Ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, kwa hiyo ni nyembamba, laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na mara nyingi bado ni nyeupe au ya kijivu. Uchakavu wake una mpangilio: mikunjo miwili au mitatu pale ilipokunjwa ili iingie mfukoni, wino umepauka juu ya mikunjo hiyo, na kitundu kidogo mikunjo inapokutana. Nakala iliyotokana na picha hubeba mikunjo ya noti ya asili kama michoro tu. Pitisha ukucha polepole juu ya mstari wa mkunjo; ukiuona lakini ukucha hauusikii, huo umechapwa.

Baada ya karatasi, tazama saini. Hapa ndipo noti nyingi hujulikana bila kifaa chochote. Noti za Kusini zilitiwa saini mbili kwa mkono, na makarani wengi walioifanya kazi hiyo walikuwa wanawake. Noti ya senti 50 ndiyo ilichapwa saini zake, kwa hiyo usiikatae kwa sababu hiyo. Noti za Kontinentali nazo zilisainiwa na kuandikwa namba kwa kalamu. Wino wa wakati ule ulikuwa na chuma. Ulianza mweusi, ukageuka kahawia, na mara nyingi ulipenya hadi nyuma. Geuza noti uangalie mahali pa saini: kwenye halisi huwa kuna kivuli cha kahawia, wakati mwingine karatasi imeliwa kabisa. Kwenye nakala, saini, namba na maandishi mengine vyote vina weusi uleule na unene uleule, na nyuma ni pasafi. Usijaribu kulowesha saini uone kama wino utatoka. Ukifanya hivyo kwenye noti halisi, umeiharibu.

Namba ya noti ni kipimo kingine cha haraka. Nakala zote zilizotoka kwenye bamba moja zina namba moja. Mfano maarufu kuliko yote ni noti ya dola 1,000 ya Bank of the United States yenye namba 8894 na tarehe ya Desemba 1840. Ukiiona namba hiyo, huna haja ya kuendelea na ukaguzi. Kwa noti nyingine, tafuta namba yake kwenye intaneti pamoja na thamani na tarehe. Zikijitokeza picha kadhaa zenye namba hiyohiyo na saini zilezile, jibu umelipata.

Kwa zilizobaki unahitaji kioo cha kukuzia mara 10 na mwanga wa upande. Uchapaji wa picha kwa nukta ndogondogo ulienea mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo noti ya 1862 yenye nukta zilizopangwa safu kwa safu haiwezi kuwa ya 1862. Lakini kutokuwepo kwa nukta hakuthibitishi kitu, kwani nakala nyingi zimechapwa kwa mistari mitupu. Hapo angalia nywele na mashavu ya watu waliochorwa: kwenye nakala, mistari myembamba ya kivuli huungana na kuwa doa jeusi. Kwenye noti za 1864 za dola 5 kwenda juu kuna wavu mwembamba wa waridi au mwekundu chini ya picha. Wavu huo ukiwa ni ukungu wa rangi usio na mistari, au ukiwa haupo, ulichonacho ni nakala. Tofauti ya ukali wa rangi peke yake isikutishe, maana noti halisi zenyewe zinatofautiana sana. Wala usitegemee kuhisi wino ulioinuka, kwa sababu noti nyingi halisi za Kusini zilichapwa kwa jiwe la litografia na uso wake ni bapa.

Noti za Kontinentali zina siri nzuri zaidi, na hapa nakala hazikaribii kabisa. Karatasi yake ilichanganywa na vipande vidogo vya ulanga (madini yanayometameta) na nyuzi za buluu. Inamishe chini ya taa, utaona vimeto. Nyuma ya nyingi kuna jani la mmea lililochapwa kwa mbinu ya Benjamin Franklin, mchapaji na mwanasiasa wa wakati huo, iliyonakili jani halisi, na vishipa vya jani hilo vinapungua unene taratibu hadi kupotea. Kwenye nakala, vishipa hivyo hukatika ghafla au huwa na unene mmoja. Noti za Januari 14, 1779 zilichapwa kwa wino mwekundu na mweusi, hivyo nakala yake ya rangi moja haihitaji mjadala.

Taa ya UV (mionzi ya urujuanimno) tunaipa nafasi ya mwisho. Karatasi nyingi za kisasa zina kemikali ya kung'arisha na huwaka buluu. Zile zilizopakwa rangi ya uzee huweza kukaa gizani kama noti halisi, na noti halisi iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa huweza kuwaka.

Sasa kuhusu neno COPY. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala za aina hii ziwe na neno hilo waziwazi. Pakiti nzuri hulichapa ndani ya picha yenyewe, na hizo ndizo tunazozipendekeza. Tunazilaumu zile zinazoliweka kwa herufi hafifu kwenye pambizo, kwa sababu mkasi mmoja unaliondoa. Hila hiyo si ngeni: Samuel Upham wa Philadelphia aliuza nakala za noti za Kusini kuanzia 1862 zikiwa na jina na anwani yake pembezoni, watu wakakata pembe hiyo na kuzitumia kama fedha. Kwa hiyo noti yenye pambizo finyu upande mmoja tu ikaguliwe mara mbili, ingawa ukataji wa kupinda peke yake si kosa. Noti halisi za Kusini zilikatwa kwa mkasi. Tena, nakala zilizochapwa kabla ya 1973, zikiwemo za miaka ya maadhimisho ya karne moja ya vita, 1961 hadi 1965, mara nyingi hazina neno hilo kabisa.

Ukinunua pakiti, andika neno NAKALA nyuma ya kila karatasi kwa wino usiofutika siku hiyohiyo, kisha itunze mbali na noti halisi. Na ukitaka kujifunza kweli, nunua pia noti moja halisi ya dola 10 ya 1864 kutoka kwa muuzaji anayetoa dhamana ya maandishi. Zilitolewa kwa mamilioni na bado zinapatikana kwa urahisi. Ziweke mbili hizo kando kwa kando, uzishike ukiwa umefumba macho, kisha uzigeuze.