Kilwa Kisiwani au Tendaguru?

Ukiwa Lindi na nafasi ya kwenda sehemu moja tu, nenda Kilwa Kisiwani. Unavuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko, kisha unaingia Msikiti Mkuu. Simama chini ya kuba, pitisha mkono kwenye mawe ya matumbawe. Msafiri maarufu Ibn Battuta wa Moroko alifika hapa mwaka 1331, enzi dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ikiwatajirisha masultani.

Kilima cha Tendaguru ni historia ya zamani zaidi, ila kilimani hukuti mengi ya kutazama. Mifupa ya dinosaria ilichimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo dinosaria mmoja, kimo zaidi ya mita 13, amesimama Berlin. Inauma! Ukienda, tafuta mwenyeji akuongoze.