Gari la Kukodi Kutoka Njiro Hadi KIA kwa Ndege ya Usiku: Tathmini ya Huduma

Kampuni iliyompeleka mama yangu kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Njiro hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) ni ndogo, ina ofisi ya chumba kimoja hapa Arusha, na kazi yake kubwa ni kubeba watalii. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa jambo ninalolilalamikia zaidi linafanywa na kampuni nyingi za aina hiyo, na si haki kuibebesha moja lawama za wote. Kwa jumla niliridhika na nitawatumia tena. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo kila anayekodi gari la kumpeleka mtu kupanda ndege anapaswa kulimaliza kabla hajatoa hata shilingi, nalo ni hili: saa ya kuondoka inapangwa kwa kufuata ndege ya abiria, au kwa kufuata ratiba ya gari?

KIA ilifunguliwa mwaka 1971 ili ihudumie Arusha na Moshi kwa pamoja, na matokeo yake haiko karibu na mji wowote kati ya hiyo miwili. Kutoka Arusha ni kilomita zipatazo 50, na kutoka Moshi ni takriban 40. Basi dogo la Arusha–Moshi litakushusha njia panda, kisha utafute bodaboda ya kukuingiza ndani kilomita kadhaa, jambo linalowezekana kwa kijana mwenye begi la mgongoni mchana kweupe, lakini halifai kabisa kwa mama wa miaka 70 na ushee mwenye masanduku mawili na magoti yanayouma. Teksi ya kuitwa kwa programu ya simu tuliifikiria pia. Bei yake huwa nafuu, ila dereva anaweza kughairi dakika ya mwisho akishaona safari ni ndefu na usiku umeingia, na hapo hakuna ofisi ya kuipigia. Kuhusu ndugu mwenye gari, ambaye kwa familia nyingi ndiye jibu la kwanza, tuliona si vizuri kumwomba mtu aliyeshinda kazini kutwa nzima aendeshe usiku wa manane kwenda na kurudi.

Niliandikia ofisi yao ujumbe wa WhatsApp nikieleza kuwa ndege ya mama ya kupitia Istanbul inaondoka Jumapili saa 02:50. Jibu la kwanza ndilo lililonifanya niwaamini. Hawakuanza na bei. Waliniuliza kama nina maana ya usiku wa kuamkia Jumapili au usiku wa Jumapili yenyewe, wakaniomba picha ya tiketi ili wahakikishe wao wenyewe. Tiketi za baada ya saa sita usiku zimewakosesha watu ndege, kwa sababu abiria anasoma Jumapili na kujiandaa Jumapili jioni, wakati ndege yake imeshaondoka alfajiri ya siku hiyohiyo. Uthibitisho walionitumia uliandikwa hivi: «Jumamosi usiku kuamkia Jumapili, kuondoka Njiro saa nne na nusu usiku, kufika KIA kabla ya saa sita.» Mtu yeyote nyumbani kwetu angeweza kuusoma na kuuelewa, mama mwenyewe akiwemo. Waliuliza pia kama uwanja ni KIA au ni ule mdogo wa Arusha ulioko Kisongo. Swali hilo linaweza kuonekana la ajabu kwa mwenyeji, lakini wanaowaagizia wageni gari wakiwa mbali huchanganya viwanja hivyo viwili, na Kisongo iko upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya kwenda Makuyuni.

Shida ilianza siku mbili kabla ya safari. Ofisi ilinipigia kuniomba tusogeze saa ya kuondoka hadi saa mbili usiku, kwa maelezo kwamba «barabara siku hizi haitabiriki». Nilipowauliza zaidi, ukweli ulijitokeza: walikuwa na wageni wanaotua KIA saa nne kasoro, na gari lile lile lingewapokea na kuwarudisha mjini. Kibiashara nawaelewa. Gari linalompeleka abiria uwanjani likarudi tupu limechoma mafuta ya kilomita 100 kwa nauli ya mtu mmoja, na likirudi na wageni safari hiyohiyo inalipwa mara mbili. Bila mpango huo huenda bei zingekuwa kubwa kuliko zilivyo. Lakini kwa mama maana yake ilikuwa kufika uwanjani saa tatu na robo usiku kwa ndege ya saa tisa kasoro dakika kumi. Ndege za kimataifa kwa kawaida huanza kupokea mizigo saa tatu hivi kabla ya kuondoka, kwa hiyo angekaa na masanduku yake zaidi ya saa mbili akisubiri tu kaunta ifunguliwe, kisha saa nyingine tatu za kusubiri ndege. Kufika mapema ni busara, na kufika mapema kiasi hicho kwa ajili ya wageni wa mtu mwingine ni kumtumia mzee kama kifurushi kinachotangulizwa ili nafasi ipatikane.

Niliwaambia kwa heshima kwamba saa tuliyokubaliana ibaki ilivyo au wanirudishie malipo ya awali. Baada ya kama nusu saa walikubali na kunipangia gari jingine. Nawapongeza kwa kukubali bila maneno mengi. Ninachowalaumu ni kisingizio cha barabara, kwa sababu msafiri asiyejua hali ya njia angekiamini. Kama wangesema tangu mwanzo, «Mzee, tuna wageni wa kupokea, ukikubali kutangulia tutakupunguzia bei,» lingekuwa pendekezo halali, na kijana anayesafiri peke yake pengine angelichangamkia.

Suala hilo la gari kurudi na nani lina upande mwingine ambao kampuni zilizozoea watalii haziufikirii. Kwetu mtu hasafiri kwenda ng'ambo kimyakimya. Anasindikizwa. Dada yangu alitaka kwenda, mimi nilikuwa lazima niende, na shangazi alikuwa amekuja kutoka Machame kwa kazi hiyo moja. Niliuliza kwa maandishi kama bei ni ya gari au ya kichwa, na kama wasindikizaji watarudishwa. Jibu lilikuwa kwamba bei ni ya gari zima, na kwa kuwa gari la pili halikuwa na wageni wa kupokea, tungerudishwa hadi mlangoni bila nyongeza. Kama tungekubali mpango wa saa mbili, sisi watatu tungebaki KIA usiku ule tukitafuta teksi ya kurudia, kwa bei ambayo uwanjani wewe huipangi.

Gari lililokuja ni Toyota Noah, safi, si jipya, lenye mikanda inayofanya kazi katika viti vyote. Nilikuwa nimesisitiza wasilete Land Cruiser ya safari, maana kile kidaraja chake cha kupandia ni mateso kwa mwenye magoti mabovu. Namba zake zilikuwa nyeupe, yaani za gari la biashara; namba za njano ni za gari la matumizi binafsi, na ukikodi gari la namna hiyo, kituo kimoja tu cha askari wa usalama barabarani kinaweza kukupotezea muda ambao huna, pale dereva atakapotakiwa kueleza kwa nini anabeba abiria wa kulipa. Dereva alifika dakika ishirini kabla ya saa, akapiga simu akiwa getini badala ya kupiga honi na kuwaamsha majirani, kisha akaingia na kumwamkia mama: «Shikamoo mama.» «Marahaba mwanangu, umefika salama?» Mama ni mtu wa kumpima mtu kwa salamu, na kuanzia hapo wasiwasi wake ulipungua.

Kilichofuata sikukitegemea. Kabla hajabeba chochote, dereva alitoa mfukoni mizani ndogo ya kuning'iniza, yenye ndoano na kioo cha tarakimu, akauliza tiketi inaruhusu kilo ngapi. Tukamwambia masanduku mawili, kila moja kilo 23. Sanduku la kwanza likasoma kilo 21. La pili likasoma 26 na nusu, kwa sababu shangazi, bila kumwambia mtu, alikuwa ameongeza unga wa mahindi wa kusaga nyumbani kwa ajili ya mjukuu aliyeko Uholanzi. Palepale sebuleni tukalifungua, tukahamisha pakiti moja kwenda sanduku la kwanza na nyingine mbili zikabaki nyumbani. Akauliza pia kilichomo kwenye mkoba wa mkononi, na chupa ya asali ikatoka humo ikaingia sandukuni ikiwa imefungwa kwa kanga, kwa kuwa asali nayo huhesabiwa kama kimiminika na kikomo cha mkononi ni mililita 100. Kazi hiyo yote haikuchukua hata robo saa, na tuliifanya nyumbani kwa utulivu, badala ya kuifanya sakafuni mbele ya kaunta huku foleni nzima ikitutazama. Hakuna mahali kwenye tangazo lao panapotaja mizani hiyo. Nilipomuuliza, dereva alisema aliinunua mwenyewe baada ya kuona abiria wake wakitupa vitu uwanjani.

Barabarani hakuna mengi ya kusimulia, na hiyo ni sifa. Usiku ule njia ilikuwa nyeupe, tukapita sehemu ya njia nne mpaka Tengeru, kisha Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, na dereva alishika mwendo wa kilomita 50 kwa saa kila tulipopita makazi ya watu, hata pale ambapo hapakuwa na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo. Baada ya kukata kona ya KIA alipunguza zaidi, kwa sababu tambarare ile ni ya malisho na ng'ombe au punda anaweza kuwa katikati ya lami bila taa yoyote ya kumwonyesha. Anayesafiri mchana ahesabu tofauti. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru na magari husongamana hapo. Mwisho wa mwaka, wenyeji wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, saa moja ya safari inaweza kuwa mbili. Kwa wa Moshi, malori na sehemu nyembamba ya Kikafu ndivyo vya kuviwekea akiba ya muda.

Tulifika saa sita kasoro dakika kumi na tano. Msindikizaji haruhusiwi kuingia ndani ya jengo, hivyo makabidhiano yote hufanyika mlangoni, na hapo ndipo tulipoona faida ya kuwa tuliomba kiti cha magurudumu kwenye shirika la ndege siku kadhaa kabla. Ombi hilo ni la familia kulifanya; kampuni ya gari haiwezi kulifanya kwa niaba yako, ila walinikumbusha, nami nawashukuru. Dereva aliegesha, akashusha masanduku, akasubiri nasi nje hadi mama alipotupigia kutuambia kwamba mizigo imepokelewa na ameshapewa pasi ya kupandia. Hakutuharakisha hata mara moja, wala hakudai chochote kwa kusubiri.

Dosari ya pili ilikuwa kwenye malipo. Tulikubaliana shilingi 120,000, nusu kwa M-Pesa wakati wa kuagiza na nusu baada ya kufika. Tulipofika, dereva, kwa aibu iliyoonekana wazi, alisema ofisi imemwagiza apokee na shilingi 20,000 za nyongeza ya usiku. Sina ubishi na nyongeza yenyewe, kwa kuwa mtu anayekesha barabarani anastahili kulipwa zaidi, lakini ofisi iliyokuwa na saa ya safari kwa maandishi ilikuwa na nafasi ya kuiandika tangu siku ya kwanza. Nililipa ili nisimwadhibu dereva, nikadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ya kiasi chote, nikaipata siku ya kazi iliyofuata. Jambo jingine ni kwamba bei ya kwanza waliniandikia kwa dola, ikabidi niwaombe waibadilishe, ingawa kanuni za mwaka 2025 zinakataza huduma za ndani ya nchi kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Walibadilisha mara moja, ila haikupasa mteja awakumbushe.

Niliwaandikia malalamiko yote mawili, la saa na la nyongeza. Meneja alinipigia mwenyewe, akaomba radhi kuhusu nyongeza na kuahidi kwamba kuanzia sasa itaonekana kwenye uthibitisho. Jirani yangu anampeleka baba yake KIA mwezi ujao kwa kampuni hiyohiyo na ameniletea ujumbe wao niusome. Nyongeza ya usiku imeandikwa, na bei yote iko kwa shilingi. Lakini hakuna neno kuhusu gari kurudi na wageni wengine, wala kuhusu wasindikizaji, kwa hiyo nimemshauri aulize hayo mawili na apate jibu kwa maandishi kabla hajatuma malipo ya awali.