Stadi tano, mafundi wanne: uzoefu wangu na gurudumu la Subaru ya otokrosi

Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya mwaka 1998, isiyo na turbo, iliyoanza maisha kama gari la kupeleka watoto shule na sasa ina keji ya vyuma ya kumkinga dereva ndani na kiti kimoja. Tukijaliwa naipeleka Jamhuri Park, Nairobi, kukimbia otokrosi, zile mbio fupi za kushindana na saa kwenye vumbi. Sina mdhamini. Timu ni mimi na shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kubeba jeki na kulalamikia jua. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba pesa nitakazozitaja hapa ni za mfukoni, za mtu ambaye mkewe anajua bei ya kila nati iliyoingia kwenye hilo gari.

Ilikuwa mzunguko wa tatu. Nikiwa kwenye kona ya kushoto, usukani ukaanza kutetema mikononi kama cherehani, nilipopunguza mwendo nikasikia ko, ko, ko kutoka mbele kulia. Nikatoka njiani taratibu. Shemeji alifika akachungulia, akanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Kati ya stadi tano za gurudumu lile, vile vyuma vyenye nyuzi vinavyotokeza kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na kufungwa nati, mbili zilikuwa zimekatika sawasawa na uso wa habu, nati zake hazijulikani zilipo. Ya tatu nyuzi zilikuwa zimeliwa, nati yake inazunguka tu haikazi. Nilirudi nikishikiliwa na mbili. Matundu ya rimu yalikuwa yameshachongwa, hayakuwa duara tena.

Gari likarudi nyumbani juu ya mgongo wa lori, mimi nikaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuwa kwenye gereji nadhifu ya Industrial Area, sakafu imepakwa rangi, kuna kiti cha kusubiria na chai. Bila hata kulinyanyua gari, kijana wa mapokezi alinipigia hesabu: habu mpya, beringi mpya, kazi ya presi, shilingi 28,000. Sitaki kumwonea. Habu ya Subaru ya mbele ukiisukuma itoke kwa presi, beringi mara nyingi huharibika papo hapo, kwa hiyo beringi mpya si wizi. Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini stadi zimekatika. Waliuliza kama nalipa kwa M-Pesa au kadi.

Wa pili nilimpata pembeni mwa Kirinyaga Road, kule kwa wauza spea. Huyu aliangalia picha kwenye simu yangu kwa sekunde tatu. "Boss, hiyo nachomelea tu. Ukishachomelea, hata lori haling'oi." Nikamuuliza mara mbili, akasema ndiyo, anachomelea kipande kwenye habu. Stadi ni chuma kilichopikwa kiwandani kwa joto maalumu ili kivumilie kuvutwa. Ukikipiga moto wa kuchomelea, ule upishi unaharibika, na pembeni kidogo mwa pale ulipochomelea ndipo panapokatika safari ijayo. Nilimshukuru, nikaondoka kwa hatua za mtu aliyesahau jiko linawaka.

Wa tatu ni mkereza vyuma, na huyu nampa heshima zake ingawa sikumpa kazi. Nilimwendea nikiwa na stadi moja mkononi nikitaka anikerezee tano kama hiyo. Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga. "Nyuzi za hii hazikukatwa," akaniambia. "Kule kiwandani wanazibana kati ya roli, chuma kinajikunja chenyewe bila kukatwa. Mimi hapa nitakukatia, tena kwa chuma cha kawaida. Ukinipa kazi ya mkokoteni, leo hii naimaliza. Lakini kwa gari la kukimbia, mimi mwenyewe silipandi." Kisha akanielekeza kwa mzee mmoja Kariobangi, kwenye zile karakana za Light Industries, akasema nikifika niulizie mzee wa Subaru.

Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Jina lake siliandiki kwa sababu hajaniruhusu, na kwa kweli hana haja. Foleni anayo tayari.

Nilipofika alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Niliieleza miguu shida yangu. Ikajibu: "Nati ziko wapi?"

Hakuuliza gari, wala stadi. Nati. Nikakumbuka ziko kwenye kopo la Kimbo ndani ya buti, nikamletea. Akatoka, akafuta mikono, akaenda gurudumu la mbele kushoto, ambalo lilikuwa zima, akafungua nati moja ili apate stadi safi ya kujaribia. Akachukua nati ya kwanza kutoka kopo, akaizungusha kwa vidole viwili. Ikaingia hadi mwisho kama imepakwa siagi. Ya pili vivyo hivyo. Akatoa nyingine, mpya kidogo, inayong'aa. Ikazunguka mara mbili, ikagoma.

"Hii ni ya Toyota," akasema, akanirushia.

Hapo nikaishiwa nguvu, kwa sababu nilijua ilikotoka. Wiki moja kabla ya mashindano nilibadilisha matairi kwenye duka la matairi mtaani kwetu. Wakati wa kufunga, nati tatu hazikuonekana. Yule kijana akachota nne kutoka ndoo, tatu akazipiga na bunduki ya hewa, drrrr, ya nne akanipa ya akiba. Nilimshukuru kwa ukarimu! Hiyo ya akiba ndiyo iliyogeuka kuwa shahidi.

Jambo ni hili, na kama una Subaru lishike. Stadi ya Toyota na ya Subaru zote ni za milimita 12 kwa unene, ukizitazama ni mapacha. Lakini umbali kati ya uzi na uzi kwa Toyota ni milimita 1.5, kwa Subaru ni 1.25. Kwa mkono utahisi nati inagoma. Bunduki ya hewa haihisi kitu, inalazimisha, nyuzi zinasagana, na nati inakaa pale ikijifanya imekaza. Barabarani unaweza kwenda nayo siku kadhaa. Kwenye kona za otokrosi, uzito wote wa gari ukiegemea gurudumu moja, haifiki mbali. Nati tatu za ndoo na stadi tatu zilizokufa. Hesabu ilikuwa wazi.

Nikafikiri kesi imekwisha na mimi ni mlalamikaji. Mzee akaokota spesa yangu. Nilikuwa nimeweka spesa, yaani mabamba ya kukaa kati ya habu na rimu, za milimita 5 mbele ili magurudumu yatoke nje kidogo, gari lisimame vizuri, na, tuseme ukweli, lipendeze kwenye picha. Akarudi kwenye gurudumu la kushoto, lenye spesa kama hiyo, akanipa nati. "Kaza kwa mkono, hesabu kwa sauti." Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, ikafika mwisho. Akasema nati inatakiwa kushika uzi angalau sawa na unene wa stadi yenyewe. Milimita 12 ukigawa kwa 1.25 ni karibu mizunguko kumi.

"Nani alikuuzia hizi?"

"Nilinunua mwenyewe, mzee."

"Basi nusu ya kesi ni yako."

Kuanzia hapo nilimwamini. Fundi anayetafuta pesa angemlaumu yule wa duka la matairi, nami ningeondoka nimefurahi na spesa zangu.

Akanituma Kirinyaga Road na stadi ya zamani kama sampuli. Kwa ujanja wangu nikanunua seti mbili: tano za shilingi 150 kila moja na tano za shilingi 450, nikitumaini atazipitisha za bei nafuu. Akatoa vernia, kile kipimo cha unene, kutoka mfuko wa ovaroli, akapima yale meno ya shingoni, yanayoshika ndani ya tundu la habu. Za bei nafuu zilipungua kama robo milimita. "Hii itaingia vizuri sana," akasema, "na siku unataka kufungua nati itazunguka na nati yake mpaka jioni." Zikaenda pembeni. Duka lilikataa kuzipokea, kwa hiyo shilingi 750 zikaenda na maji.

Kazi yenyewe nilisimama nikaitazama, na hakunifukuza. Kalipa ya breki aliifunga kwa waya kwenye springi. Hakuiacha ining'inie kwa mpira wake. Akatoa diski, akakunja kidogo ukingo wa lile bati la kukinga vumbi ili stadi ipate pa kupitia. Nyundo hakuigusa. Nilipouliza, akasema kila pigo kwenye habu linafika kwenye gololi za beringi, zinaacha vishimo kwenye njia yake, na baada ya mwezi utasikia gari linaunguruma usijue lini uliliharibu. Alitumia klampu nene ya chuma, ile ya kusukumia boljointi, akakaza polepole hadi stadi ikatoka na mlio mmoja mkavu, tak. Mpya aliivuta iingie kwa kupanga washa kadhaa na nati kuukuu iliyogeuzwa nyuma mbele, anakaza kwa spana ya mkono, anasimama, anatazama nyuma. Kisha akanishika kidole akanipitisha kule nyuma ya habu nipapase kichwa cha stadi. Hakukuwa na nafasi ya kupenyeza hata ukucha.

Alibadilisha zote tano, hata zile mbili zilizonifikisha salama. Alisema zimebeba mzigo wa wenzao na zimeshavutika, hata kama jicho halioni. Rimu akaikataa kabisa, matundu yake yamekwisha, nikatafuta nyingine iliyotumika kwa 6,000. Hiyo nayo aliisugua nyuma hadi rangi ikatoka, na uso wa habu akaupiga brashi ya waya, maana rangi na kutu vikibanwa katikati husagika na nati hulegea zenyewe. Nyuzi aliziacha kavu, bila mafuta. Akakaza kwa mpangilio wa nyota, kwa awamu tatu, akamalizia na toku renchi, ile spana inayotoa mlio nguvu uliyoipangia ikifika, kwenye Nyutani-mita 100. Kisha akazipima kwa vidole nati zote kumi na tano za magurudumu mengine. Zilikuwa salama.

Gharama: stadi 2,250, kazi 2,500, na ile rimu. Kazi alichukua nusu tu. Nusu nyingine, alisema, nitamlipa nikirudi kukazwa tena baada ya kilomita 50 hivi. Nilirudi baada ya 60. Nati mbili zilisogea kidogo kabla ya renchi kulia. Ndipo akapokea iliyobaki.

Sasa kasoro, maana anazo. Simu hapokei. Risiti hana, labda umwandikie mwenyewe kwenye daftari lako. Saa sita aliniambia anakwenda kula kidogo, akarudi saa nane na nusu, gari langu liko juu ya mawe, hana hata aibu. Ukimpa nafasi ya kuzungumza siasa, spana inawekwa chini. Mvua ikinyesha pale ni tope hadi vifundoni. Na kuna jambo moja zito zaidi: nilipofika nyumbani niligundua kibanio cha mpira wa breki hakikurudishwa, mpira unacheza karibu na tairi. Nilimrudia asubuhi yake nikiwa na hasira. Alikitazama, akajishika kichwa, akasema "hapo nimekosa," akakirudisha, halafu akafungua na upande wa pili kuangalia, ingawa hakuugusa siku ile. Tangu hapo nami nakagua kazi yake kabla sijaondoka, na hajanuna.

Nimekimbia Jamhuri mara moja baada ya hapo, mizunguko yote. Shemeji amenunuliwa toku renchi yake mwenyewe na kila nikirudi kupumzika anazipitia nati moja moja kwa madaha ya daktari wa zamu. Spesa ziko kwenye buti. Mzee amesema tukitaka kuzirudisha lazima kwanza tutie stadi ndefu, magurudumu yote mawili ya mbele, na kwamba ameziagizia, zinafika Jumamosi. Kwa kalenda yake nadhani ni Jumanne.